Kasi ya Mikono

Kila mkoba unaotoka mezani kwangu una neno lililokosewa tumboni, na haupiti mwezi bila mtu kunisahihisha. Wananitumia picha kwenye simu, herufi yenyewe wameizungushia duara jekundu kama walimu wa darasa la nne. Wengine wana huruma: "Samahani dada, sijui kama umeliona hili." Nimeliona. Nililiona kabla yako, tena mbele ya watu, mjini Arusha, nikiwa na mzigo mzima miguuni na kicheko masikioni. Kwa hiyo leo naeleza mara moja. Baada ya hapo anayetaka kucheka na acheke, ila acheke akijua anachokicheka.

Neno lenyewe ni kazi. Mimi nimeandika kasi.

Sisi wa Mbulu tuliokua na Kiiraqw kinywani hatukuzaliwa na z. Haimo katika lugha yetu, na hatukuwahi kuihitaji. Kiswahili kilipotufikia na z zake tulizipokea vizuri, tukazipa kazi ya s, maisha yakaendelea. Mzee wa kwetu akikwambia una mtoto msuri, anakusifu. Akikupa sawadi, pokea kwa mikono miwili. Wapo waliosoma wakaipata z na kuiweka mahali pake. Wapo pia walioipata wakashindwa kuizuia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ilianza sekondari. Nilipelekwa shule ya bweni upande wa Hanang, nikalala chumba kimoja na mabinti wa wafanyabiashara wa Katesh, ambao kwao Kiswahili kinapikwa na kuliwa. Wiki za mwanzo nilisimama darasani nikasema, "Mwalimu, nimemaliza kasi." Mwalimu akauliza, "Kasi gani, wewe ni pikipiki?" Darasa zima likalala juu ya madawati. Nilikaa chini nikiwa nimevimba kwa hasira, na nikaapa kwamba hawatanicheka tena.

Nikajifunza z. Nilikwenda bombani peke yangu nikazizima kama nyuki, zzz, mpaka ulimi ukawasha. Shida ni kwamba nilipoipata sikujua inaishia wapi. Nikawa naiweka kila mahali kwa tahadhari. Niliomba zukari. Nilimwambia mpishi zahani yangu imepotea. Siku moja nilisifia zamaki wa Basotu kwa furaha, na mabinti wa Katesh wakalia machozi ya kucheka. Kumbe ukikosa unachekwa, na ukizidisha unachekwa vilevile. Tangu siku hiyo nikaanza kuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi.

Mikono ilikuwa imeanza zamani, nyumbani Endagikot. Baba ni mkulima wa kitunguu swaumu. Shamba letu liko kwenye mteremko, na wakati wa mavuno nyumba nzima inanuka swaumu, nguo, mablanketi, hata maziwa. Bibi, mama yake baba, alikuwa akitutibu kikohozi kwa kukata kichwa kizima katikati, kwa upana, na kukichemsha. Ukikikata hivyo unaona kitu ambacho mpishi anayemenya punje mojamoja hakioni maishani mwake. Punje zimekaa duara kuzunguka shimo la bua, kila moja na umbo lake, hakuna mbili zinazolingana. Nilichukua nusu moja, nikaipaka masizi ya sufuria, nikaigonga ukutani. Ikatokea. Nikagonga ya pili, ya tatu, nikauzunguka ukuta wa jiko lote. Bibi aliangalia, akasema kwa Kiiraqw kwamba sasa jiko limevaa.

Baba hakuona hivyo. Nyumbani kwetu tunazungumza Kiiraqw, na baba alitumia Kiswahili pale tu alipotaka jambo liwe la serikali. Alisimama mlangoni akautazama ukuta, akaitazama ile swaumu nyeusi mkononi mwangu, akasema kwa Kiswahili, "Chakula hakichesewi." Nikajua nimehukumiwa. Baadaye niligonga pindo la shati la shule kwa wino wa kalamu. Kilichofuata sitakieleza, isipokuwa kwamba kukaa kwenye dawati kulikuwa kugumu.

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yangu yaliniruhusu kwenda chuo cha ualimu. Baba alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miaka. Yeye aliishia darasa la saba, na kwake mwalimu ni mtu ambaye hakuna wa kumcheka. Nikamwambia siendi. Nikamwambia nitakuwa mbunifu wa mavazi na mapambo ya kuchapwa. Akauliza kwa Kiswahili, "Hiyo ni nini?" Nikaeleza: mikoba, skafu, vilemba, mikanda, hereni za kitambaa, vyote kwa chapa ninazozitunga mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ni mcheso," akasema. Mchezo. Na tangu siku ile kila alipoitaja shughuli yangu aliitaja kwa jina hilo. Mcheso wako unaendeleaje? Utaacha lini huo mcheso?

Tulikubaliana kwa shida. Ningekwenda Katesh nikajaribu, na mavuno ya swaumu ya mwaka uliofuata yakifika bila mimi kuwa na kitu cha kuonyesha, angekuja mwenyewe kunichukua nikaanze chuo. Tena alikataa kunipa hata kichwa kimoja cha swaumu cha kugongea. Binti wa mkulima wa swaumu nikawa nanunua swaumu gengeni.

Katesh nilipata baraza ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiislamu, mjane, mtoto wa familia ya biashara iliyopanda kutoka Kondoa enzi za babu zake. Alikuwa mkali kwa wateja na mpole kwangu. Aliniruhusu kuweka cherehani barazani kwa sharti kwamba nizipinde shela zake na nisiwafukuze wanunuzi kwa harufu. Alimaanisha ya swaumu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna neno linaloniudhi kuliko mcheso. Neno hilo ni fundi. Naheshimu mafundi, cherehani nimefundishwa na mafundi. Lakini katika mji ule, mwanamke akikaa nyuma ya cherehani basi amezaliwa kubana suruali. "Fundi, nipunguzie hapa." "Fundi, weka zipu." "Fundi, sare za watoto, shule zinafunguliwa." Nilipunguza, niliweka, nilishona sare mpaka rangi ya bluu ikaniingia kwenye ndoto. Mteja akiondoka nilirudi kwenye meza yangu ya pili, niliyoitandika blanketi kuukuu, nikagonga swaumu kwenye kitambaa cha amerikani.

Nilijifunza kwa kuharibu. Swaumu mbichi ina maji, rangi inateleza juu yake. Nilihangaika sana mpaka nikagundua kuilaza uso chini kwenye majivu usiku kucha, inyonywe maji, ndipo inashika rangi. Hugonga vizuri kwa muda, halafu punje zinaanza kulegea na umbo linabadilika, na hapo unaikata upya au unaitupa. Mwanzoni nilidhani huo ni ugonjwa wa kutibu, nikachonga mihuri ya mpira wa tairi yenye umbo la swaumu ili chapa zifanane. Zikafanana kweli. Zikawa zimekufa. Niliitupa ile mihuri nikarudi kwenye swaumu yenyewe, inayogonga kila mara kivyake, na mpira wa tairi nikauacha kwa maandishi tu.

Vijana waliopita barazani walikuwa wakisema, "Dada, unapika au unashona?" Nilikuwa nawajibu, "Ninakupikia shati, kaa usubiri."

Wa kwanza kuvaa chapa yangu hadharani alikuwa mama mwenye duka. Nilimpa kilemba cha rangi ya damu ya mzee kilichojaa duara za swaumu nyeupe, akakifunga siku ya mnada. Na ni siku hiyohiyo mwanamke mmoja kutoka Arusha, mwenye duka la vitu vya mikono, alikuwa akipita Katesh kutafuta bidhaa. Alisimama dukani akakitazama kilemba kuliko alivyokitazama kitambaa chochote cha kuuzwa.

"Maua haya kayachora nani?"

"Si maua," nikasema kutoka barazani. "Ni swaumu."

Akacheka, akaja, akagusa kila kitu mezani. Alijua alichokuwa anakigusa; aliukunjua mshono, akatazama bitana, akavuta mikanda ya ngozi niliyonunua kwa wafugaji wa tambarare. Akaagiza mzigo wa mikoba, kwa ahadi kwamba ikifika vizuri atachukua mingine na mingine. Alipokuwa anaondoka akageuka. "Weka na maandishi ndani. Kazi ya mikono, kitu kama hicho. Wateja wangu wanapenda."

Alilitamka safi kabisa. Liliingia sikioni mwangu na z yake, nina hakika. Liliposhuka mpaka kwenye kisu lilikuwa limeshapita Endagikot.

Maana nilichonga s. Niliandika maneno kwenye karatasi nyembamba, nikaigeuza dirishani nione herufi kinyumenyume jinsi muhuri unavyotaka, nikazihamishia kwenye mpira, nikachonga taratibu nikiimba. KASI YA MIKONO. Nilifurahi. Nilichapa kila bitana, na sikuona kitu. Nesi mmoja wa Gitting aliyekuja kuchukua gauni alisoma kwa sauti, akasema, "Aisee, kasi ya mikono, safi," kwa ulimi uleule wa kwetu, na mimi nikamshukuru. Mama mwenye duka alikuwa kwao Kondoa msibani. Hakuwepo mtu wa kuona.

Nilipanda basi na mzigo wangu mpaka Arusha. Mwenye duka alinikaribisha, akaniagizia chai, akafungua mkoba wa kwanza. Uso wake ulikuwa mzuri kuutazama alipokuwa akitazama nje ya mkoba. Kisha akatazama ndani.

"Kasi ya mikono?" Akasoma tena polepole. "Kasi? Ya mikono?" Akaanza kucheka, cheko la kweli, hakulipanga. "Mwanangu, hii ni mikoba ya vibaka? Wateja wangu wakisoma hivi si watashika pochi zao!"

Akawaita wasichana wa dukani. Mmoja akapiga picha. Mwingine akauliza, "Dada, kwani wewe Mmbulu?" na kabla sijajibu wakacheka tena, kwa sababu jibu walikuwa nalo. Nilikuwa nimesimama nikiwa mwanafunzi yule yule wa bwenini. Miaka yote ile ya kuzizima bombani ilikuwa bure. Ulimi niliufundisha, mkono ukabaki kwao.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alipomaliza kufuta macho alinishika bega. "Si tatizo. Chonga upya, bandika kitambaa juu ya hayo maandishi, urudishe. Nitachukua yote. Nipo Katesh mnada ujao, nitapitia mwenyewe." Nikasema asante mama. Nikafunga mzigo wangu nikarudi nao wote, isipokuwa mmoja aliobaki nao kwa mfano.

Ndani ya basi nililia kwa hasira, nikiwa nimefunika uso kwa skafu yangu mwenyewe. Abiria wa pembeni akanipa karanga.

Mama mwenye duka wa Katesh alikuwa amerudi. Alisoma, akatabasamu bila kucheka, na akili yake ya biashara ikafanya kazi papo hapo. "Mwanangu, muhuri si unachongwa kinyume? Basi. Sema ulisahau kuigeuza z. Z ikigeuka inafanana na s, nani atajua? Ni kosa la kisu, si la mdomo." Akachora kwa kidole juu ya kaunta, z, kisha z iliyogeuka. Na kweli, ilifanana. Nilipewa mlango safi wa kutokea, na nilishukuru. Nikanunua kipande cha mpira nichonge muhuri mpya.

Kabla sijauchonga, baba akaniita nyumbani. Swaumu zilikuwa zinakaribia kuvunwa. Nikaenda na mkoba mmoja, nimwonyeshe kwamba nina oda Arusha, mjini, kwa mtu mzito. Nikamkabidhi nje ya nyumba alipokuwa anapumzika. Akaugeuza, akaufungua, akausogeza mbali na macho kama wasomavyo wazee.

"Kasi ya mikono," akasoma.

"Limekosewa, baba. Nitalirekebisha."

"Limekosewa wapi?"

"Hapo, kwenye neno la kwanza."

Akasoma tena. "Kasi." Akanitazama. "Kosa liko wapi?"

"Inatakiwa iwe kazi."

"Ndiyo. Kasi."

Nilimtazama mdomo wake. Hakuwa anatania. Katika masikio yake nilikuwa nimesema neno lilelile mara mbili na kudai kwamba la pili ni tofauti. Bibi, aliyekuwa anachagua maharage karibu yetu, akauliza kwa Kiiraqw ni nini, baba akamwambia kwamba binti yake anasema kasi si kasi. Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Arusha.

Kisha baba akaufunga mkoba akanirudishia. "Neno limeandikwa sawa," akasema, kwa Kiswahili chake cha serikali. "Lakini hii siyo kasi. Hii ni mcheso. Mavuno nitakuja."

Nilirudi Katesh. Arusha wamekataa herufi, nyumbani wamekataa neno zima. Nilikaa barazani mbele ya kile kipande cha mpira kisichochongwa, kisu mkononi, na kila nilipotaka kuanza z niliona mdomo wa baba ukisema, ndiyo, kasi. Nikilisahihisha neno hili, nilijiambia, nitakuwa nimekubali kwamba watu wote walionilea wanaongea makosa, na kwamba kitu chao kinafaa kuuzwa Arusha ila mdomo wao ubandikwe kitambaa. Swaumu ni nzuri, ngozi ni nzuri, mteremko wa Endagikot ukipigwa picha ni mzuri, ila mkulima asifungue mdomo. Nilikasirika kweli. Nikautupa ule mpira kwenye ndoo ya vipande.

Nilijua ninachokitupa. Oda ile ndiyo iliyokuwa kitu changu cha kuonyesha. Bila hiyo, baba angekuja na ningekuwa sina neno.

Mnada ulipofika nilitandika turubai nikapanga mikoba yote, midomo wazi, maandishi juu. Mnada wa Katesh unajua kelele: ng'ombe, mitumba, vyungu, nyama choma, vijana na spika zao. Wanawake wa Kidatoga waliokuja na mifugo walipita wakaivuta mikanda kuona kama ngozi ni ngozi. Mmoja alibishana nami bei mpaka nikachoka, akaondoka, akarudi, akauchukua. Mkulima mmoja wa Masakta alisoma maandishi akaniambia kama nina kasi ya mikono basi nikamvunie mahindi, nami nikamwambia anunue kwanza, tutaongea mahindi baadaye. Akamnunulia mkewe.

Mwenye duka kutoka Arusha alinikuta katikati ya hayo. Akachungulia mkoba wa kwanza, wa pili.

"Hujarekebisha?"

"Shikamoo mama. Sijarekebisha."

"Marahaba. Lakini tulikubaliana." Hakuwa amekasirika bado. Watu walikuwa wameanza kusogea, kama watu wanavyosogea wakiona mnunuzi wa mjini. Akapunguza sauti, na kwa wema kabisa akanifungulia uleule mlango. "Najua lilikuwa kosa la kuchonga tu, sivyo? Z iligeuka. Inatokea. Nitawaeleza wateja hivyo, wewe bandika tu."

Mama mwenye duka wa Katesh, nyuma yangu, alinifinya kiunoni. Maana yake: sema ndiyo.

"Hapana mama," nikasema. "Haikugeuka. Niliandika s. Sisi huku tunasema kasi. Baba yangu anasema kasi, bibi yangu anasema kasi, na mimi mwenyewe nisipojiangalia nasema kasi. Mikoba hii imetengenezwa huku."

"Lakini si sahihi, mwanangu. Si Kiswahili sanifu."

"Na mkoba si sanifu. Tazama, hakuna duara mbili zinazofanana hapo. Ulipenda hivyo hivyo."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwambie!" Wengine wakacheka, na safari hii sikuwa mimi niliyechekwa. Mwenye duka wa Arusha alivuta pumzi. Alisema, bila ubaya, kwamba yeye ana jina la kulinda, hawezi kuuza kitu chenye kosa. Nikamwambia nimemwelewa, na nikamtakia safari njema. Aliondoka. Mama mwenye duka wa Katesh alikuwa akinong'ona dua, sijui ya kuniombea akili au ya kunishukuria.

Nilipoinua macho kuwatazama waliobaki, nikaiona kofia ya baba. Alikuwa nyuma ya watu, fimbo mkononi, amekuja kuuza ndama. Sijui alisimama pale tangu lini. Nilisimama nimsalimie, lakini akageuka, akapotea kwenye ng'ombe. Nikajua amesikia jinsi nilivyoipoteza oda, na kwamba sasa hana haja ya kusubiri kitu.

Mikoba iliyobaki niliirudisha barazani. Ile picha iliyopigwa Arusha ilianza kuzunguka kwenye simu za watu, ya kuchekesha: tazameni mikoba ya Wambulu. Basi wakaiona Wambulu. Walioajiriwa Dodoma, waliooa Mwanza, waliosahaulika Dar. Wengine waliandika matusi kwa niaba yangu. Wengine waliandika, "Hiyo ni kasi ya kwetu, nitumie." Wapo walionunua kwa kucheka na wapo walionunua kwa kumkumbuka mama yao, na mikoba haikujali. Nilianza kugonga tena, ingawa kila pikipiki iliyopunguza mwendo barazani ilinifanya niache mkono hewani.

Mavuno yakafika. Baba alishuka kwenye bodaboda asubuhi, na gunia mapajani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba kamili, yenye hasira mahali pake na heshima mahali pake, ya kumwambia kwamba sitakwenda, hata akiniburuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Alisalimiana na mama mwenye duka, akaomba maji, akanywa yote. Akakaa kwenye kigoda changu, akatazama meza iliyotandikwa blanketi, rangi, majivu, nusu za swaumu za gengeni zilizolala kifudifudi, ndogo na zilizosinyaa. Aliinua moja, akaigeuza, akaitazama kwa dharau ya mkulima. Kwa Kiiraqw akaniuliza, "Unakata kwa upana au kwa urefu?"

"Kwa upana."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akafungua gunia. Zilikuwa swaumu za shamba letu, zile kubwa za mstari wa chini ambazo kila mwaka zilichaguliwa kwanza kwa ajili ya wachuuzi, na ambazo sisi wa nyumbani hatukuzionja. Alikuwa amezikata mabua, amezipangusa udongo, amezipanga zinazolingana. Alianza kuzitoa mojamoja na kuzilaza mezani, na hotuba yangu yote ikanitoka kichwani.

Nikasema tu, "Baba, hizi ni nyingi kwa kupikia."

Akainua uso, akaniangalia, akahamia kwenye Kiswahili.

"Hivi ni vya kasi," akasema. "Vya mboga nitakuletea vingine."